Ua mfupi wa mbele, udongo mkavu wa mawe: nipande nini hapa Kiembeni?

Binti_Kiembeni (Februari, mwanzo wa mwezi)

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Nina kadhia ya ua, naomba mnisaidie kabla sijatupa pesa mara ya pili.

Nyumba yetu iko Kiembeni. Mbele, baina ya baraza na barabara ya vumbi, pana uwazi wa mita 14. Ukitoa lango la mita 3 zabaki mita 11: kushoto 6, kulia 5. Ukuta sitaki. Mamangu hukaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi akisalimiana na kila apitaye, na ameshasema wazi kwamba siku nitakayomzibia barabara ndiyo siku atakayohamia kwa dadangu Likoni. Kwa hivyo ua usipite kiuno cha mtu mzima.

Mwezi wa kumi na moja nilipanda iksora nyekundu, miche 30. Kufika mwezi wa kwanza zilikuwa manjano, na kingo za majani zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikaongeza maji ya kisima, asubuhi na jioni. Zikazidi kufa. Leo zimebaki 7, nazo zanitazama tu. Udongo wenyewe ukichimba shubiri moja na nusu unagonga jiwe jeupe. Nipande nini?

MtuWaBara

Panda kayaba. Kwetu kila boma lina kayaba. Ng'ombe hapiti, mwizi hapiti, na ukavu haiujali.

Binti_Kiembeni

Ahsante ndugu yangu. Yafika wapi kwa urefu?

MtuWaBara

Ukiiachia inapita paa la nyumba. Lakini unakata tu.

Likoni_Feri

"Unakata tu", asema. Yakhe, ile ina miiba mirefu kama kidole. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na kayaba ni mchongoma haswa. Dada wa watu ataka kumwona mpita njia, si kufunga kambi ya jeshi.

FundiMiche

Mimi nauza miche kando ya barabara kuu, upande wa Mtwapa, kwa hiyo nasema ninachokiona. Kinachotoka kuliko vyote ni duranta ya manjano, ile ya dhahabu. Inakatika vizuri, inakaa kama sanduku, na hoteli zote zinayo. Mita 11 kwa nafasi ya nusu mita: upande wa mita 6 miche 13, upande wa mita 5 miche 11, jumla 24. Nakuletea mpaka mlangoni.

Jongoo_wa_Bamburi

Fundi, tulia kidogo kabla hujapakia mkokoteni. Hoteli hizo zina mpira wa maji na mtu wa kuushika kila siku.

Dada, nijibu maswali mawili kwanza. Hilo jani la manjano, mishipa yake nayo ni ya manjano au imebaki kijani? Na ugonjwa ulianza kwa majani machanga ya juu, au kwa yale makuukuu ya chini?

Binti_Kiembeni

Nimetoka na tochi ya simu, mama akiuliza nimepoteza nini. Majani ya juu ni manjano kama embe dodo, lakini mishipa kijani kabisa, jani lote ni kama ramani ya mito. Ya chini bado ni kijani, ila kingo zimeungua hudhurungi.

Jongoo_wa_Bamburi

Basi hizo iksora hazikufa kwa kiu. Una maradhi mawili pamoja, na dawa uliyotumia ililisha moja kati yao.

La kwanza ni chokaa. Hilo jiwe jeupe ni matumbawe ya zamani, ambayo ni chokaa tupu. Udongo wa chokaa hufunga madini ya chuma: yamo, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Mmea ukikosa chuma hushindwa kutengeneza rangi ya kijani, na majani machanga ndiyo huonyesha kwanza, mishipa ikibaki kijani. Iksora asili yake ni mmea wa udongo wenye uchachu. Kumpanda juu ya matumbawe ni kumweka samaki barazani.

La pili ni chumvi, na zile kingo za hudhurungi ndizo ushahidi wake. Maji ya kisima ya huku wengi wetu twayajua kwa ladha. Ukimwagia kidogo kidogo asubuhi na jioni, jua la kaskazi linayanyanyua maji na kuiacha chumvi juu, kila siku tabaka.

Kuthibitisha chokaa: chukua kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki nyeupe, sikiliza.

Ustadh_Mikindani

Sikiliza? Kwani udongo wasema?

Binti_Kiembeni

Wasema, Ustadh! Nimetia siki ya kachumbari kwenye kisahani. Umetoa povu na mlio wa "chsss" kama soda iliyofunguliwa. Nimechukua udongo wa nyuma ya nyumba, karibu na mwembe, ukanung'unika kidogo tu. Wa mbele ulifurika.

Halafu nikachimba palepale penye iksora. Nikatoa vipande vya saruji, chokaa ya kupiga lipu, na nusu ya tofali. Kumbe aliyejenga alizika uchafu wake mbele ya nyumba akausawazisha juu kwa udongo mwekundu wa lori moja. Shubiri na nusu niliyokuwa nikiisifu ni mapambo.

Likoni_Feri

Hao mafundi! Kwetu walizika hadi ndoo.

Jongoo_wa_Bamburi

Saruji nayo ina chokaa, kwa hiyo mzigo umezidi. Vitoe vipande vyote kwenye mstari wa kupanda, ukiweza. Ila usijidanganye kwamba utaubadili udongo. Utasikia watu wa salfa na watu wa kupuliza dawa ya chuma majanini. Husaidia wiki chache, kisha matumbawe yanarudi kudai haki yake. Ni kuteka bahari kwa kata. Lililo rahisi ni kuchagua mmea unaolikubali jiwe.

Na si maneno yangu. Nendeni Haller Park mkaone. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu mweupe, joto la kukaanga yai. Mwaka 1971 René Haller alianza kwa kujaribu aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu: mvinje, mnazi, na ile conocarpus ya Kisomali wanayoiita damas. Tatu kati ya 26, na aliyejaribu alikuwa mtaalamu. Baadaye jongoo ndio waliokula majani makavu ya mvinje wakatengeneza udongo, na ndiyo maana najiita hivi. Msidhani ni uchafu.

FundiMiche

Sawa, mwalimu. Sasa utamwambia apande minazi kiunoni?

Jongoo_wa_Bamburi

Hapana, lakini mvinje unakatwa ukawa ua. Nimeuona umepogolewa ukawa kama zulia lililosimama. Tatizo lake hauna subira: ukisahau miezi mitatu unaota mti. Mwenye makasi mkononi kila wiki mbili ataufurahia. Dada, una makasi?

Binti_Kiembeni

Nina kazi ya saa kumi na moja alfajiri hadi jioni. Makasi ninayo ya kukatia kitambaa.

Bibi_wa_Kuze

Mwanangu, nimewasoma wote tangu asubuhi nikingoja nani atautaja mhina. Hakuna. Mwazungumzia mimea ya hoteli na mimea ya bara.

Mji wa Kale nyua zilikuwa za mhina tangu sijazaliwa. Jua haliuui, jiwe haliukatazi, na ukiukata ndipo unapofunga. Maua yake ni madogo meupe kama mchele uliomwagika, na jioni harufu yake inaingia mpaka chumbani. Mamako akiwa barazani hatahitaji udi. Tena ukikata, kile ulichokata hukitupi: wakianika kivulini, wautwanga, wachunga kwa kitambaa chepesi, Idi ikifika una hina yako mwenyewe, si ile ya pakiti inayochoma ngozi.

Binti_Kiembeni

Bibi, mama amesomewa hii akapiga kofi. Asema kwao walikuwa nao nyuma ya jiko.

FundiMiche

Shikamoo Bibi. Sipingi, lakini tuseme na ubaya wake. Mhina ukikosa maji muda mrefu unapukutisha majani, unabaki vijiti. Ukizeeka ncha za matawi zinakuwa miiba. Na chini unakuwa mtupu kama hukuukata mapema. Watu hununua kwangu wakautaka kijani mwaka mzima, wakarudi kunitukana mwezi wa pili.

Bibi_wa_Kuze

Marahaba. Mwezi wa pili hata mimi hubaki vijiti. Mvua ya masika ikinyesha tunarudi sote.

Ustadh_Mikindani

Na bogenvilia jamani? Mombasa nzima imejaa, hamkuitaja.

FundiMiche

Bogenvilia kwa ukavu haina mpinzani. Tena ukiinywesha sana haitoi maua, inatoa majani tu. Mwache aone shida kidogo ndipo atapamba. Lakini kwa ua mfupi mimi mwenyewe muuzaji nakukataza. Ile ni mmea wa kupanda na kurukia. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, na ukitaka ikae kiunoni utakuwa unayakata machipukizi hayo hayo kila mwezi. Utabaki na miiba isiyo na maua. Ina raha ikipewa nafasi ya kumwagika. Na ukiipanda usiuvunje udongo wa mfukoni, mizizi yake haitaki kusumbuliwa.

Likoni_Feri

Nathibitisha miiba. Watoto wa mtaa wetu wamepoteza mipira minne kwenye bogenvilia ya jirani tangu shule zifunguliwe. Mmoja bado umo ndani, umeisha pumzi.

MtuWaBara

Basi ule usio na majani, wenye vijiti vya kijani kama penseli. Haufi hata ukiung'oa.

Jongoo_wa_Bamburi

Mnyaa. Ni kweli haufi. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni mtu anaweza kukaa kipofu siku kadhaa, na ua wa mbele ndipo watoto huvunja vijiti wakipita. Ukipata ajali, osha kwa maji mengi na uende hospitali hapohapo. Mimi singeuweka pahali penye mtoto. Mbono nao vivyo hivyo: mbuzi haugusi, ndiyo, lakini mbegu zake ni sumu, na zafanana na njugu machoni pa mtoto. Na lantana tusiitaje, yashatosha ilivyovamia mashamba ya watu.

FundiMiche

Kwa upande wa barabarani, mimi nauza karisa.

Kadzo_Jomvu

Haa! Karisa ni mjomba wangu. Utamuuza kwa shilingi ngapi?

FundiMiche

Huyo mjomba mkae naye. Hii ni ile yenye jani nene linalong'aa, kijani kilichokolea, maua meupe ya nyota yenye harufu kama asumini, na tunda jekundu. Kwao ni pwani ya kusini mwa Afrika, kwenye matuta ya mchanga yanayopigwa na upepo wa bahari, kwa hivyo chumvi wamezaliwa nayo. Chukua ile fupi, ipo aina inayobaki magotini mpaka mapajani. Ukiichukua ndefu bila kuuliza itapita kichwa cha mtu. Tunda likiiva wekundu wote hulika. Sehemu nyingine zote zina utomvu, usile. Mwiba wake umegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka.

Ustadh_Mikindani

Umetaja nyoka. Hizi nyua za kufunga mpaka chini si ndiyo nyumba zao?

Jongoo_wa_Bamburi

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka. Chini ya ua pakifagiliwa na matawi ya chini yakiinuliwa kiganja kimoja kutoka ardhini, hatapata pa kulala. Ni hilo tu, Ustadh.

Binti_Kiembeni

Nimepanga hivi, nikosoeni. Kushoto, upande wa baraza, mhina miche 13, mama apate harufu yake. Kulia, pale mbuzi wa jirani wanapopita, karisa fupi miche 11. Iksora 7 zilizobaki nazitia kwenye ndoo kuukuu zenye udongo wa chini ya mwembe, nizinyweshe maji ya mvua, nimezionea huruma.

Nipande lini na nichimbeje? Jembe linaruka juu ya jiwe likinirudia.

Jongoo_wa_Bamburi

Mpango mzuri. Usipande sasa. Kaskazi bado anavuma na jua la mwezi wa tatu ni kali; mche mchanga atashinda akinywa na kutokwa jasho. Ngoja masika, mwezi wa nne ukiingia na mvua mbili tatu zimeshanyesha. Mwezi wa tano ndio wenye mvua nyingi zaidi kwetu, na miche ikiwa tayari ardhini itakunywia bure.

Jembe acha. Tafuta mtalimbo na sururu, na kijana mwenye mgongo. Usichimbe mashimo 24 ya duara. Jiwe likiwa gumu kila shimo litakuwa chungu lisilo na tundu, maji yasimame mizizi ioze. Chimba mfereji mmoja mrefu, upana wa mkono mpaka kiwiko na kina kama hicho, na pale mtalimbo unapopata ufa, pasua zaidi. Mizizi itafuata nyufa hizo, kama mibuyu inavyoota juu ya miamba yetu.

Bibi_wa_Kuze

Na chini ya mfereji utandike makumbi ya nazi. Nyuzi juu, yaliyokwisha kulowekwa na kumwagwa maji yake mara mbili. Yanakaa na maji kama sifongo. Mamangu alipanda hata mikunazi hivyo.

FundiMiche

Bibi amenitangulia. Juu ya makumbi rudisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa ikaoza (usitie mbichi, itaunguza), koleo moja ya samadi kwa tatu za udongo. Ukishapanda, tandaza majani makavu juu, kiganja kizima cha unene, lakini yasiguse shina.

Maji: mara mbili kwa wiki, lita 5 kila mche, polepole mpaka yazame. Miche 24 ni lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Kama maji ya bomba ya kaunti yametoka siku hiyo, tumia hayo. Kama ni kisima tu, mimina kwa wingi siku moja, yasukume chumvi ishuke, kuliko kunyunyiza kila siku. Baada ya mwaka wa kwanza utasahau hata mtungi uko wapi.

Likoni_Feri

Na mbuzi? Mbuzi wa Mombasa hakuogopa karatasi ya saruji, aogope mwiba mchanga?

FundiMiche

Mpaka miche ifike gotini, zungushia matawi makavu ya miiba au kipande cha makuti kilichosimamishwa kwa vijiti. Na zungumza na mwenye mbuzi, kwa upole. Upande ndani ya bikoni zako pia, yaani zile alama za mpaka wa kiwanja, karibu mita nzima toka barabarani. Siku barabara ikipanuliwa usije ukalia hapa tena.

Binti_Kiembeni (Julai)

Narudi kama nilivyoahidi. Tulipanda wiki ya pili ya mwezi wa nne, siku moja baada ya mvua. Kijana alivunja mitalimbo miwili na akataka nyongeza, nikampa. Kwenye mfereji tulitoa karai 9 za saruji na mawe, na mswaki mmoja.

Karisa 11 zote zimeshika. Moja ilipinda kwa upepo wa kusi, tumeiegemeza. Mhina umekufa miwili: mmoja sijui kwa nini, mwingine namjua, ana ndevu na kengele shingoni. Iliyobaki imefika magotini, kijani kilichokolea mpaka mishipa haionekani. Iksora za ndooni zimetoa ua moja jekundu, la kunidhihaki.

Swali: nianze kuukata mhina sasa au ningoje?

FundiMiche

Kata sasa. Ukifika urefu wa rula, bana ncha zote kwa kidole, utoe matawi ya chini. Ukingoja utapata fito.

Bibi_wa_Kuze

Mwanangu usiuguse kabla haujatimiza mwaka. Mti mchanga haunyolewi.

FundiMiche

Bibi, kwa heshima zote, hiyo ni kwa kuchuma majani ya hina. Kubana ncha ni kitu kingine.

Bibi_wa_Kuze

Na mimi nasema majani. Ncha bana.

Binti_Kiembeni

Mmechelewa nyote. Nimetoka kazini nimemkuta mama barazani na kinu mapajani, na upande wa kushoto miche 4 imenyolewa kipara. Asema jirani ana harusi Ijumaa.